Gari Lilitangulia Kupona

Fundi alikuwa hajawahi kuwaona watu waliopata ajali. Aliona magari yao tu. Yaliletwa gerejini yakivutwa kwa kamba, boneti limekunjamana, bampa linaburuza, naye akayazunguka mikono ikiwa mgongoni, akagonga bati kwa kidole hapa na pale, kisha akatoa hukumu: hili litanyooka, huu mlango ni wa kutupa, hapa puti na msasa vinatosha. Waliokuwa ndani walikuwa wamepelekwa kwingine, na huko kwingine hakukumhusu. Akikuta kiatu cha mtoto chini ya kiti alikiweka juu ya dashibodi, mwenye gari akija akichukue. Kwa miaka yote aliyofanya kazi ile, ajali ilikuwa jambo linalolipata bati.

Tulishike hilo kabla ya mengine, maana bila hilo mtu atadhani Fundi alikuwa mwovu, na hakuwa mwovu. Alikuwa mtu wa kazi yake. Kazi ikimwingia mtu sana humfumbua jicho moja na kulifumba la pili.

Gari lake mwenyewe alilinunua likiwa limebondeka kila upande, kitu ambacho wenzake walimshauri akiuze kwa kilo. Alilinyoosha kila jioni baada ya kazi za wateja, akalipaka rangi ya buluu iliyoiva, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukiinama karibu na mlango unaona meno yako. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alisema kwamba yeye ana mke mwenza, na mke mwenza huyo analala nje lakini ndiye anayeogeshwa kila asubuhi. Alisema kwa utani, ila aliusema utani huo mara nyingi.

Siku ya kulikatia bima, wakala alimfuata gerejini. Alikuwa dada mpole mwenye mkoba mzito, aliyezoeleka pale kwa sababu magari ya wateja wake yaliishia mikononi mwa Fundi. Wote walimwita Dada wa Bima. Alifuta kigoda kwa leso, akakaa, akaanza kueleza kama ilivyo kazi yake, ingawa Fundi alijiona hahitaji kuelezwa.

"Bima ndogo inalipa hasara unayowasababishia wengine," alisema. "Bima kubwa inalipa hiyo na gari lako pia."

"Kubwa," Fundi alisema. "Gari hili? Kubwa."

"Sawa. Juu ya hiyo kuna nyongeza tatu: kioo cha mbele, redio, na abiria. Kwa kiasi ulichonitajia zinaingia mbili. Kaka, mimi ningekushauri uanze na hii ya abiria. Ndiyo inayowatibu waliomo ndani ya gari. Watu unaoishi nao nyumba moja, ukipata nao ajali kwa kosa lako, bima, iwe ndogo au kubwa, haiwahesabu. Inawahesabu wa nje."

Fundi alitazama huku na huku. Mafundi wenzake walikuwa wameacha kazi wanasikiliza, na mbele yao wote alikuwepo fundi umeme, rafiki yake wa siku nyingi, ambaye kwa wembamba wake na kwa kazi yake waliishia kumwita Waya. Mtu mwenye hadhira kama hiyo hupata taabu kujibu jambo kwa adabu.

"Abiria wangu ni mke, watoto na mama mkwe," alisema. "Hao wanapanda bure, mafuta hawachangii, njia nzima wananifundisha kuendesha, na bado niwakatie bima? Niandikie kioo na redio. Kioo hakinisemi."

Waya alicheka mpaka akashika nguzo. Gereji nzima ilicheka. Dada wa Bima akatabasamu lile tabasamu la mtu aliye kazini, akauliza mara moja tena kama ana hakika, akaandika kioo na redio.

Na tuseme haki, mzaha ulikuwa mzuri. Kwa siku kadhaa uliishi pale gerejini. Mtu akipewa lifti aliulizwa kama kachangia mafuta. Fundi mwenyewe aliusikia ukirudiwa na akafurahi, kama mtu yeyote anavyofurahi maneno yake yakipata miguu.

Mama mkwe wake aliishi nao. Alikuja pacha walipozaliwa, aje kumsaidia binti yake mpaka watoto wakaze shingo, na watoto wakakaza shingo, wakatambaa, wakaanza shule, naye bado yupo. Hakuwa mkwe wa kusimuliwa vituko. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya chini, anayeamka wa kwanza na kuwasha moto, anayekunja nguo za mkwewe na kuziweka kitandani bila kusema kitu. Fundi alimheshimu. Hakuwahi kupishana naye kwa neno. Ndiyo maana alipojiuliza baadaye kwa nini mzaha ule ulimjumuisha na yeye, hakupata sababu, isipokuwa kwamba mama mkwe kwenye mzaha huleta kicheko.

Jumapili moja alimpeleka kumwona rafiki yake aliyekuwa mgonjwa. Wakirudi, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, lami inateleza, redio inaimba. Mama mkwe alikaa nyuma, mahali anapopapenda, akiwa na kikapu mapajani. Mbele yao, kwenye kona, ukatokea mkokoteni uliobeba mabati, ncha zake zimechomoza hadi katikati ya barabara.

Fundi angeweza kushika breki na kuyaacha mabati yaliparue gari ubavu. Mkono ulikata usukani kabla ya akili. Na mkono huo, kila alipouwaza baadaye, ulikuwa umeona vitu viwili tu: ncha za mabati na rangi yake ya buluu. Gari liliteleza likajipigiza kwenye ukuta wa kalavati. Yeye mkanda ulimshika. Mama mkwe alirushwa kati ya viti akaangukia upande, na kikapu juu yake. Redio haikunyamaza.

"Gari limeumia sana?" mama mkwe aliuliza kutoka chini, kabla hajajua kwamba hawezi kuinuka.

Hospitali walisema ni mfupa wa paja, karibu kabisa na nyonga. Daktari, kijana mwenye haraka, aliwaeleza Fundi na mkewe wakiwa wamesimama mlangoni mwa chumba chake. Mfupa ule ulitaka kuwekewa chuma. Chuma chenyewe familia ndiyo hununua, kisha upasuaji hufanyika. Mpaka hapo, mgonjwa angekaa nyumbani, mguu umefungwa banzi, na uzito umening'inizwa kuuvuta.

"Lakini msikae sana," daktari alisema. "Mfupa hausubiri mtu. Ukiachwa utajiunga wenyewe, na utajiunga unavyotaka wewe mfupa, siyo ninavyotaka mimi."

Mama Pacha alimgeukia mumewe. Macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umeanza kupata nafuu. "Si una bima kubwa?"

"Ninayo."

"Basi afadhali. Nilikuwa natetemeka hapa."

Neno moja tu lingetosha hapo. Fundi alilihisi limefika kwenye meno, akalimeza. Alijiambia atamwambia wakitoka hospitali. Wakitoka hospitali alijiambia watoto watasikia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakuna anayeianza akiwa na nia ya kufika mbali.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Dada wa Bima bila kumwambia mtu. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayemuulizia jirani, kama ile nyongeza ya abiria inaweza kuingizwa sasa, na tarehe ikarudishwa nyuma kidogo. Dada alimtazama kwa huruma, jambo lililomuumiza kuliko kama angemfokea.

"Kaka, bima hainunuliwi baada ya ajali. Hilo unalijua kuliko mimi." Akafungua kabati, akatoa faili. "Gari lako litalipiwa lote. Bodi, taa, kioo cha mbele. Lilete hata leo. Na utalitengeneza mwenyewe pale kwako, hakuna shida. Redio nayo ilivunjika?"

"Haikuvunjika," Fundi alisema.

Hivyo ndivyo gari lilivyoanza kutibiwa. Bima ilileta malipo ya vipuri haraka, bila usumbufu, kama Dada alivyoahidi. Fundi aling'oa boneti, akanyoosha nguzo ya ubavu, akafunga kioo kipya. Alikuwa akifanya kazi huku anajichukia, na kazi ikatoka nzuri. Mikono haikujua habari za moyo. Wateja walisimama kutazama. Mmoja alisema hili litakuwa bora kuliko lilivyotoka kiwandani. Fundi alijifanya anatafuta spana chini ya gari, akakaa huko chini muda mrefu.

Nyumbani, mama mkwe alilala chumba cha mbele, kwenye kitanda cha pacha kilichosogezwa dirishani. Mguu ulikuwa umefungwa kwenye ubao, na mwisho wa kitanda kamba ilipita juu ya chuma ikashikilia kopo la mchanga. Pacha waliambiwa wasilisogelee kopo lile, kwa hiyo walilizunguka siku nzima. Mama mkwe hakulalamika sana. Usiku alikuwa akivuta pumzi kwa meno, na Fundi, upande wa pili wa ukuta, alikuwa akizisikia pumzi hizo zote.

Kila jioni mkewe alimuuliza swali lile lile, na kila jioni yeye alijibu. Mwanzo alisema, "Wanashughulikia." Kisha, kwa kuwa jibu hilo lilichakaa, akaanza kulitia viungo. Mkubwa wao amesafiri. Mkubwa amerudi, ila wanataka picha ya mguu. Picha wamepata, imebaki saini. Alishangaa mwenyewe jinsi uongo unavyopenda kukua. Ukiulisha kidogo tu asubuhi unaukuta una ndevu.

Kibaya zaidi ni wageni. Walikuja kumjulia hali mgonjwa, wakakaa kwenye viti vilivyopangwa ukutani, na mama mkwe aliwapokea akiwa ameegemea mito, kichwa amekifunga vizuri. Wakimuuliza atafanyiwa lini, alijibu kwa majivuno ya pole pole.

"Mkwe wangu ana akili. Wengine wanakata bima ndogo wapite polisi. Yeye alikata kubwa. Nangoja zamu yangu tu."

Siku moja Waya alikuwa miongoni mwa wageni. Alikuja na mfuko wa machungwa, akaketi, akayasikia maneno hayo. Alimtazama Fundi, kisha akaitazama sakafu, na sakafu ikawa na mambo mengi ya kutazama mpaka alipoaga. Kesho yake gerejini alimfuata nyuma ya kompresa.

"Hujamwambia mkeo."

"Nitamwambia. Natafuta pesa kwanza. Nikishazipata, nitasema zimetoka bima, yaishe."

"Umepata?"

Fundi alichovya brashi kwenye kopo la rangi.

"Mimi siku ile nilicheka," Waya alisema. "Sitakataa. Nikikumbuka najisikia vibaya, nyumbani sili vizuri. Lakini mimi nilicheka siku moja. Wewe yule mama unamlaza pale kila siku."

Waya alirudi kwenye betri zake. Fundi alibaki na brashi mkononi, rangi inadondokea kiatu. Alimkasirikia Waya kwa muda mfupi, kwa sababu alikuwa anahitaji mtu wa kumkasirikia, halafu hasira ikaisha na lile jambo likabaki pale pale.

Maana palikuwa na jambo la chini zaidi, ambalo hata Waya hakulijua. Usiku ule ule wa ajali, Fundi aliwahi kufikiri kuliuza gari. Wazo lilimjia lenyewe, zima, la wazi: liuze kama lilivyo, hata kwa hasara, chuma kinunuliwe, mama apasuliwe wiki hii hii. Alilitazama wazo hilo. Kisha akalifukuza. Alijiambia gari lililobondeka halina bei, likinyooshwa kwanza litaleta zaidi. Ilikuwa kweli, na hapo ndipo ujanja wake ulipokaa, kwamba alijidanganya kwa kitu cha kweli. Siku zikawa zinapita, gari linanyooka, na mfupa nao, ndani ya nyama, unajiunga upendavyo.

Gari lilikamilika siku ya kazi, mchana kweupe. Hakuweza kuliacha gerejini bila kuulizwa, akalipeleka nyumbani. Alipokata kona kuingia uwanjani, pacha walitoka wakikimbia, wakaanza kujitazama kwenye mlango. Mama Pacha alitoka na mikono yenye povu la sabuni. Hakusema habari ya mke mwenza. Alilitazama gari, kisha akainua pazia la dirisha la chumba cha mbele ili mama yake naye aone.

Mama mkwe alijiinua kwa kiwiko, polepole, akatazama nje. Aliangalia kwa makini, kuanzia taa mpaka taa.

"Mashallah," alisema. "Limepona. Halina hata alama." Akajirudisha mitoni, akashusha pumzi. "Haya. Sasa zamu yangu."

Alisema bila kijembe chochote, na hapo Fundi alishindwa. Angesema kwa kijembe angejitetea. Alitembea mpaka mlangoni mwa chumba cha mbele, akavua viatu, jambo ambalo hakuwa amelizoea, akasimama pale kama aliyeitwa.

"Mama Pacha, njoo ndani," alisema. "Watoto wabaki nje."

Akawaambia. Alianza na lile la mwisho, kwamba hakuna pesa ya bima inayokuja na haijawahi kuwapo, kwa sababu alidhani hilo ndilo zito. Kumbe la kwanza lilikuwa zito zaidi. Alipofika kwenye nyongeza tatu na kwamba aliambiwa aanze na abiria, mkewe alikuwa bado amesimama, povu linakauka mikononi. Ikabidi aseme kwa nini hakuanza na abiria. Angeweza kusema ni pesa. Alisema na mzaha wenyewe, wote, mpaka pale kwenye kioo.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza.

"Walicheka?"

"Walicheka, mama."

"Na wewe ulicheka?"

"Mimi ndiye niliyeanza."

Mama mkwe aliigeuza shingo akatazama ukuta. Machozi hayakumtoka. Alifanya jambo dogo tu: alivuta shuka, akaufunika ule mguu, kama mtu aliyegundua kwamba amekaa vibaya mbele ya mgeni. Fundi angechagua kupigwa. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na hakuwa na mahali pa kuiweka.

"Nitaliuza gari," alisema. "Leo hii."

"Hukuwaza hivyo siku ya kwanza?" Mama Pacha aliuliza.

"Niliwaza."

Mkewe alimtazama muda mrefu. Alipangusa mikono kwenye kanga, akachukua funguo za gari kutoka mkononi mwa mumewe, kisha akaonekana hajui azifanyie nini, akamrudishia.

Gari lilinunuliwa na mwalimu mmoja mwenye mke na mtoto mchanga. Alilizunguka mara nyingi, akainama, akauliza lile swali la wanunuzi wote, kama limewahi kupata ajali. Zamani Fundi angecheka na kumwambia atafute mwenyewe. Safari hii alimwonyesha kwa kidole: hapa, hapa, na hii nguzo yote. Mwalimu akapunguza bei papo hapo, tena si kidogo. Fundi hakubishana. Alimwambia tu kwamba akienda kukata bima aanze na watu wa ndani ya gari, vingine vifuate, na mwalimu akaitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mlevi. Kisha akaondoka na gari, na Fundi akatembea kwa miguu mpaka duka la vifaa vya hospitali.

Upasuaji ulifanyika. Siku iliyofuata daktari yule kijana alipita wodini na karatasi zake, akasimama kitandani kwa mama mkwe. Mama Pacha alikuwa upande mmoja, Fundi upande wa pili. Tangu siku ile ya chumba cha mbele mkewe alikuwa akimpa chakula na majibu, basi. Kulala pamoja walilala, migongo ikitazamana.

"Chuma kimekaa vizuri," daktari alisema. "Ila mfupa tuliukuta umeshaanza kujiunga kwa kupandana. Tumeuvunja upya, tumekata kidogo. Atatembea. Lakini mguu huu utakuwa mfupi kuliko mwenzake, na atatembea na fimbo maisha yake. Mngemleta mapema tungezungumza mengine." Akainua uso. "Mbona mlichelewa hivi? Niliwaambia."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Fundi alifungua mdomo.

"Mimi, daktari," mama mkwe alisema kutoka kitandani. "Wenzangu walitaka tangu mwanzo. Mimi niliogopa kisu."

Daktari alitikisa kichwa. Akamsema. Akamwambia kwamba wazee ndivyo walivyo, wanaogopa kisu cha mara moja wanachagua ulemavu wa siku zote, na sasa ameona. Mama mkwe aliinamisha kichwa, akayapokea yote, akaitikia "ndiyo, mwanangu" mahali panapotakiwa. Daktari alimaliza, akageuza karatasi, akaenda.

Fundi alimfuata. Alimkuta kwenye korido, karibu na beseni la kunawia.

"Daktari, siyo yeye. Hakuogopa kitu. Ni mimi niliyechelewesha. Nilikuwa na cha kuuza, sikuuza. Niliwadanganya."

Daktari aliendelea kunawa. Alikuwa amechoka, na pengine alikuwa ameshasikia mengi kwenye korido ile. "Nimekusikia," alisema. "Lakini mguu ni ule ule." Akakung'uta mikono, akaingia wodi nyingine.

Fundi alibaki ameliangalia beseni. Alikuwa ametegemea, bila kujua kwamba anategemea, kuwa akiusema ukweli mahali panapostahili kitu fulani kitapungua. Hakikupungua. Ila alirudi, kwa kuwa hakukuwa na kwingine kwa kwenda.

Wodini muuguzi alikuwa amefika na magongo, akisema mgonjwa lazima asimame leo, hata kwa dakika chache, la sivyo mguu utaganda. Mama Pacha alimshika mama yake mgongoni, lakini mama alikuwa mzito, na maumivu yalimfanya mzito zaidi.

"Ulikwenda wapi?" mama mkwe alimuuliza Fundi.

"Kumwambia daktari ukweli."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mama."

Mama mkwe alimnyooshea mkono. "Haya. Njoo unishike huku."

Alimpa bega. Hakuwa amewahi kumgusa mama mkwe wake kiasi kile. Walikuwa watu wa kusalimiana kwa mbali na kwa heshima. Alimpitisha mkono kiunoni, Mama Pacha akashika upande wa pili, muuguzi akahesabu, wakainuka. Mama mkwe alitoa mlio mfupi, akauuma. Mguu mzima ulifika sakafuni ukakanyaga. Ule mwingine ulitafuta sakafu, ukatafuta, mpaka mwili wote ukainama ndipo ukaipata.

Fundi aliona. Jicho lake lilikuwa limefanya kazi hiyo maisha yake yote, kuona upande upi umeshuka na umeshuka kwa kiasi gani, na halikuhitaji futi. Lilimwambia kipimo chote, bila kubakiza. Ungekuwa mlango wa gari angejua pa kugonga.

Mama mkwe alikuwa akihema, macho ameyafumba, mikono yake miwili imekaza shati la mkwewe.

"Niambie," alisema. "Nimenyooka?"

Mama Pacha alimtazama mumewe juu ya kitambaa cha kichwani cha mama yake. Muuguzi tayari alikuwa amefungua mdomo kusema kile wauguzi wanachosema.

"Hapana, mama," Fundi alisema. "Umeinamia upande wangu."

Mama mkwe alisikiliza jibu hilo mpaka likamwingia. Hakufumbua macho. Akauachia uzito wake wote ukamlalia Fundi, na Fundi akaupokea.

"Basi usisogee," alisema.